Kukijenga upya kituo cha treni ya chini ya ardhi: kibaki wazi, treni zipite bila kusimama, au kifungwe kwa muda?

Mji wowote wenye treni za chini ya ardhi hufika siku kituo chake kikubwa kikazidiwa. Jukwaa linajaa mpaka watu wa mbele wanakosa pa kurudi nyuma treni ikiingia. Ngazi za umeme hazitoshi, lifti hakuna, na asubuhi mlango wa barabarani unafungwa ili walio chini wapungue kwanza ndipo wengine waruhusiwe kushuka. Hapo hakuna anayebisha kwamba kituo kijengwe upya. Ubishi huanza kwenye swali linalofuata: abiria waende wapi wakati mafundi wanabomoa na kuchimba?

London imelijibu swali hilo kwa njia tatu tofauti, katika vituo vitatu, kati ya 2009 na 2023. Victoria kiliachwa wazi. Tottenham Court Road kilibaki wazi kwa zamu, treni za laini moja zikipita bila kusimama huku za laini nyingine zikiendelea kupakia na kushusha. Bank kilijengewa sehemu mpya pembeni kwa miaka, kisha laini moja ikakatwa kwa wiki 17 ili mpya iungwe na ya zamani. Nimeviweka ubavu kwa ubavu kwa ajili ya yeyote anayetakiwa kuchagua au kutoa maoni: mhandisi kijana, mwanafunzi wa mipango miji, mjumbe wa baraza la mtaa, au mkazi aliyeletewa karatasi ya maoni na hajui aweke alama wapi.

Msimamo wangu nautaja mapema. Ndani ya kituo kimoja kuna laini kadhaa, milango, ngazi, vijia na majukwaa, na kila kimoja kinaweza kufungwa peke yake. Kwa hiyo la kuamua ni kipi kifungwe, kwa muda gani, na abiria wa hapo amebakiwa na njia gani nyingine. Ningepewa mimi kuamua, ningechukua njia ya Bank popote penye kiwanja cha kuchimbia pembeni, njia ya Tottenham Court Road pale ambapo vituo jirani vina nafasi, na njia ya Victoria pale tu ambapo namna nyingine haipo.

Kwanza zihesabiwe njia za kutokea

Kabla ya fedha na kalenda, kuna kituo cha King's Cross, hukohuko London. Jioni ya tarehe 18 Novemba 1987, njiti ya kiberiti iliyoangukia chini ya ngazi ya umeme ya mbao iliwasha grisi na takataka zilizojikusanya humo. Mwanzoni moto ulionekana mdogo. Baada ya robo saa hivi uliruka kwa ghafla hadi kwenye ukumbi wa tiketi, mahali palepale ambapo watu walikuwa wakipitia ili watoke nje. Walikufa watu 31. Kanuni za moto za vituo vya chini ya ardhi zilizotungwa Uingereza mwaka 1989 zilitokana na jioni ile.

Ujenzi ndani ya kituo chenye abiria unaigusa hatari hiyo moja kwa moja. Uzio unaowatenga mafundi unakula upana wa njia. Ngazi moja ikifungwa, watu wake wanahamia kwenye iliyobaki. Nyuma ya uzio kuna nyaya za muda, mitungi ya gesi, mashine za kukatia chuma na vumbi tele. Ndiyo maana karatasi ya kwanza mezani inapaswa kuwa ya hesabu ya kutoka: ni saa ya msongamano mkubwa, treni mbili zimejaa ziko majukwaani, ngazi moja imefungwa kwa ujenzi, je, watu wote wanafika salama juu kwa muda unaokubalika? Jibu likiwa hapana, mjadala wa kukiacha kituo wazi umekwisha, hata kama wenye maduka watalalamika na mwanasiasa ameshatoa ahadi. Nalisisitiza hili kwa sababu katika mikutano mingi ya hadhara swali hili huja mwishoni, watu wakiwa wameshagawanyika pande mbili.

King's Cross chenyewe kilikuja kupanuliwa bila kufungwa. Ukumbi mpya wa tiketi wa upande wa magharibi ulifunguliwa 2006, wa kaskazini Novemba 2009, na zote mbili zilijengwa nje ya ukumbi wa zamani. Abiria waliendelea na njia walizozizoea mpaka njia mpya zilipokuwa tayari. Vituo vyote vitatu nitakavyovieleza viliiga utaratibu huo, kila kimoja kwa kiasi chake.

Victoria: wazi mpaka mwisho

Victoria ni mahali ambapo treni za kutoka kusini mwa Uingereza zinawashusha watu wa kazini kwa maelfu, na wengi wao wanateremka moja kwa moja kwenye laini ya Victoria. Kabla ya janga la korona kituo cha chini ya ardhi kilihudumia zaidi ya watu milioni 80 kwa mwaka. Kukifunga kungekuwa kuwaacha watu hao wote juu, ndani ya stesheni kubwa isiyo na mahali pa kuwapeleka. Laini nyingine za hapo, District na Circle, haziendi wanakokwenda wengi wao, na hakuna kituo jirani kinachoweza kumeza umati wa namna hiyo. Kwa hiyo kazi iliyoanza 2011 na kukamilika 2018, kwa gharama ya takribani pauni milioni 700, ilipangwa kituo kikiwa wazi.

Ardhi ya hapo ni ngumu kuliko inavyoonekana. Chini kabisa kuna udongo wa mfinyanzi wa London, ambao wachimbaji wanaupenda kwa sababu unashikamana na hauvuji. Juu yake kuna tabaka la kokoto na mchanga lililojaa maji, na vijia vipya vya abiria vilitakiwa kupita pale tabaka hizo mbili zinapokutana. Ukichimba kokoto zenye maji bila kuziandaa, zinaporomoka na kuijaza shimo. Dawa yake ilikuwa kuigeuza ardhi iwe ngumu kabla haijaguswa. Mtambo ulisimama barabarani, ukatoboa tundu jembamba hadi kina kilichotakiwa, kisha bomba likapanda polepole huku likizunguka na kurusha uji wa saruji kwa mgandamizo mkubwa. Uji ule ulizikata kokoto, ukachanganyika nazo, na ulipokauka ukaacha nguzo nene iliyoshikamana na jirani yake. Zilitengenezwa zaidi ya nguzo 2,000 kwa namna hiyo, katikati ya mabomba ya maji, nyaya za simu, mifereji ya maji taka na mabasi yanayopita. Baada ya hapo wachimbaji walipita ndani ya ile saruji kana kwamba ni mwamba.

Kazi hiyo iliwezekana kituo kikiwa wazi kwa sababu ilifanyika nje ya kituo. Ukumbi mpya wa kaskazini ulichimbwa chini ya barabara ya Bressenden Place na ukafunguliwa Januari 2017, ukiwa na mlango wake mwenyewe. Taabu ilikuwa pale mpya ilipokutana na ya zamani, karibu na reli na majukwaa, maana huko kazi nyingi hufanyika usiku.

Usiku wa treni za London ni mfupi. Treni ya mwisho hupita karibu na saa saba, ya kwanza karibu na saa kumi na moja alfajiri. Kwa kuhesabu tu ni saa nne. Lakini umeme wa reli lazima ukatwe na ithibitishwe kwamba umekatwa. Mafundi washuke kwa miguu na vifaa vyao. Na kabla ya alfajiri kila nyundo na kila kipande cha waya kihesabiwe kuwa kimetoka, njia ikaguliwe, ndipo umeme urudi. Kazi yenyewe inabakiwa na saa mbili, pengine tatu. Kama ni kubomoa ukuta, sehemu kubwa ya muda huo inakwenda kwenye kutandaza maturubai, kuzuia vumbi na kufagia, kwa kuwa saa chache baadaye watu watapita hapohapo na viatu vya ofisini. Na tangu Agosti 2016, laini ya Victoria inakwenda usiku kucha Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo katika wiki yenye usiku saba, miwili imeondoka.

Hiyo ndiyo bei ya kukiacha kituo wazi. Abiria hakosi treni, lakini anaishi na vijia vilivyobanwa na mageuzi ya njia kwa miaka. Mafundi wanalipwa zamu ya usiku wanayoitumia nusu. Hata hivyo kwa Victoria naona uamuzi ulikuwa sahihi, kwa sababu hesabu ya pili, ya wapi abiria wangekwenda, haikuwa na jibu.

Tottenham Court Road: treni zipite tu

Hapa hali ilikuwa nyingine. Kituo kilihudumia watu wapatao 150,000 kwa siku, katika ukumbi mdogo wa tiketi uliokuwa chini ya makutano ya barabara, na laini ya Elizabeth ilikuwa njiani kuja kuongeza wengine maelfu. Mradi uligharimu kama pauni milioni 500 na kuleta ukumbi ulio karibu mara sita ya ule wa zamani, ngazi mpya za umeme nane na lifti tano. Ukumbi wa muziki wa Astoria ulibomolewa 2009 ili kupata nafasi, na wapo wanaoulilia mpaka leo.

Wapangaji waliamua kwamba treni zisikatwe, ila zisisimame. Laini ya Northern ilipita bila kusimama kuanzia Aprili hadi Novemba 2011. Kisha, sehemu ya kwanza ya ukumbi mpya ilipofunguliwa Januari 2015, ikawa zamu ya laini ya Central: kutoka Januari hadi Desemba mwaka huo treni zake hazikusimama hapo, huku za Northern zikisimama kama kawaida.

Faida ya mpango huu ni kubwa kuliko inavyosikika. Jukwaa lisilo na abiria ni kiwanja cha ujenzi cha mchana na usiku, isipokuwa pale karibu kabisa na reli. Huhitaji kufagia kila alfajiri. Uzio unasimama mara moja na kubaki. Anayesafiri kutoka mashariki kwenda magharibi bila kushuka hapo haathiriki hata kidogo, na watu wa namna hiyo ndio wengi ndani ya treni. Anayeumia ni yule tu ambaye kituo hicho ndicho mwisho wa safari yake au mahali pake pa kubadilishia treni.

Naye kwa hapa alikuwa na pa kwenda: Oxford Circus, Holborn, Leicester Square na Goodge Street vyote viko mwendo wa dakika kumi hivi kwa miguu. Ndiyo sababu mpango ulifaa katikati ya London na haungefaa kwenye kitongoji ambako kituo kinachofuata kiko kilomita mbili mbele.

Lakini usiiandike faida hiyo peke yake. Oxford Circus chenyewe ni kituo kinachofungwa milango mara kwa mara kwa msongamano, na mtu aliyefukuzwa Tottenham Court Road hapotei hewani. Anakwenda kusimama kwenye foleni ya jirani. Na dakika kumi za kutembea ni dakika kumi kwa mwenye miguu mizima. Kwa mzee mwenye fimbo, au mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi, ni safari nyingine kabisa. Mpango wa kupitisha treni bila kusimama unapaswa kuja pamoja na basi la kuwachukua watu hao, na basi hilo liandikwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Kuna jambo dogo lililonipendeza katika mradi huu, nalo linaonyesha kile muda wa kutosha unachoweza kuokoa. Kuta za kituo zilikuwa na michoro ya vigae ya msanii Eduardo Paolozzi, iliyowekwa katika miaka ya 1980. Mingi ilibaki mahali pake ikatengenezwa, na vipande vya matao yaliyolazimika kushushwa vikapelekwa Chuo Kikuu cha Edinburgh, mji aliotoka msanii. Sijui fundi gani angeweza kubandua vigae kwa uangalifu huo akiwa na saa mbili za usiku na treni ya alfajiri inamsubiri.

Bank: jenga pembeni, kisha kata mara moja

Bank, pamoja na pacha wake Monument, ni fumbo la vijia lililoshonwa vipande vipande tangu laini ya Waterloo & City ilipofika 1898. Laini ya Northern na ya Central zikaja 1900, ya DLR (treni nyepesi za Docklands) 1991. Hakuna aliyewahi kuvipanga vijia hivyo kwa pamoja. Abiria wa kubadilisha treni walipanda, wakashuka, wakakata kona, wakapanda tena, na majukwaa ya Northern yalikuwa membamba kwa idadi ya watu waliokuwa wakimwagika hapo kila asubuhi. Mimi nilikuwa mmoja wa wanaobadilisha treni humo, na nakumbuka jinsi umati ulivyokuwa ukikubeba, unapotaka na usipotaka.

Tatizo la Bank lilikuwa kubwa kuliko la Victoria, kwa sababu hapa jukwaa lenyewe halikutosha. Na jukwaa halipanuki bila kuigusa njia ya treni. Wahandisi wakaja na wazo ninaloliona kuwa bora kuliko yote katika vituo hivi vitatu: lichimbwe handaki jipya la treni za kuelekea kusini, zaidi ya nusu kilomita, pembeni ya lile la zamani, pamoja na jukwaa jipya pana. Likishaungwa, handaki la zamani la kusini litabaki tupu, nalo litageuzwa kuwa ukumbi wa abiria kupita katikati ya jukwaa la kaskazini na jukwaa jipya.

Kazi ilianza 2016. Wachimbaji hawakupita kwenye milango ya abiria. Walishuka kwa shimo lililochimbwa Arthur Street, barabara fupi karibu na mto Thames, na udongo ukapandishwa hukohuko. Kiwanja kingine kilipatikana kwa kubomoa majengo kati ya King William Street na Cannon Street, mahali ambapo sasa pana mlango mpya. Kwa miaka mitano na zaidi watu waliendelea kupita Bank kila siku, wengi wao bila kujua kwamba mita chache kutoka waliposimama kuna handaki zima linanyunyiziwa zege.

Halafu ukafika wakati wa kuunga. Ncha mbili za handaki jipya zilitakiwa kukutana na njia ya zamani, na hilo haliwezekani treni zikiwa zinapita. Tarehe 15 Januari 2022 laini ya Northern ilikatwa kati ya Moorgate na Kennington, na haikurudi mpaka tarehe 16 Mei. Tawi jingine la laini hiyohiyo, linalopita Charing Cross, liliongezewa treni, na mabasi ya muda yakawekwa juu. Laini nyingine za Bank ziliendelea.

Angalia vizuri nani aliumia. Bank hakikufungwa, lakini Borough, kituo kidogo cha ng'ambo ya mto ambacho hakina laini nyingine isipokuwa hiyo, kilibaki bila treni kwa miezi minne. Wakazi wa Borough hawakuwa wakilalamikia msongamano wa Bank. Walilipa kwa ajili ya wengine. Mradi wowote unaokata laini unazo Borough zake, na ningependa kila karatasi ya maoni izitaje kwa majina kwenye ukurasa wa kwanza.

Pamoja na hayo, wiki 17 zilizotangazwa mapema, zikaanza siku iliyosemwa na kumalizika kama ilivyosemwa, zilizaa kitu ambacho maelfu ya usiku mfupi yasingezaa. Jukwaa jipya lilianza kazi siku treni ziliporudi. Vijia vipya vya kwenda laini ya Central, vyenye mikanda ya kutembeza watu, vikafuata mwaka huohuo, na mlango wa Cannon Street ukafunguliwa Februari 2023. Uwezo wa kituo uliongezeka kwa asilimia 40. Gharama nayo ilifika kama pauni milioni 700, sawa na Victoria, lakini usilinganishe tarakimu hizo kama bei za sokoni. Kimoja kilinunua vijia na ukumbi, kingine kilinunua njia ya treni.

Miji mingine inasema nini

Boston ilichagua kufunga kabisa. Kituo cha Government Center, chini ya uwanja wa manispaa, kilifungwa Machi 2014 na kufunguliwa Machi 2016. Treni ziliendelea kupita, watu wakatumia Park Street na State, ambavyo viko karibu sana, na kituo jirani cha Bowdoin kikaongezewa saa za kuwa wazi. Miaka miwili ni mingi, lakini vituo jirani vilikuwa na nafasi na kazi ikamalizika kwa mkupuo mmoja.

Chicago inatoa hesabu iliyo wazi kuliko zote, ingawa reli yake ya upande wa kusini haiko chini ya ardhi. Mwaka 2013 mamlaka ya usafiri ya jiji ililazimika kung'oa na kutandika upya reli ya laini nyekundu. Chaguo lilikuwa miaka minne ya kufunga kila mwisho wa wiki, au miezi mitano ya kufunga moja kwa moja. Walichukua miezi mitano, kwa mradi wa dola milioni 425, na mamlaka ikasema imeokoa dola milioni 75. Walikuwa na laini ya kijani karibu ya kuhamishia treni. Bila hiyo sidhani kama wakazi wa kusini wangekubali, na wangekuwa na haki.

New York ilikwenda upande wa pili. Handaki la laini ya L chini ya mto lililoharibiwa na maji ya kimbunga Sandy lilipangiwa kufungwa miezi 15 kuanzia Aprili 2019. Watu walikuwa wameshaanza kuhama nyumba. Januari mwaka huo mpango ukafutwa: badala ya kuubomoa ukuta wenye nyaya na kuujenga upya, nyaya mpya zingetundikwa kwenye vishikio ubavuni mwa handaki. Kazi ikawa ndogo, ikafanyika usiku na mwisho wa wiki kwa kutumia njia moja, na ikamalizika Aprili 2020. Kwa hiyo kabla ya kugombania kufunga au kutofunga, muulize mhandisi kama kazi yenyewe inaweza kupungua. Swali hilo lilipaswa kuulizwa New York miaka mitatu kabla, watu wakiwa bado hawajauza samani.

Na Tokyo ina kisa ambacho watu hukisimulia vibaya. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Machi 2013, laini ya Tokyu Toyoko ilihamishwa kutoka juu kwenda chini ya ardhi pale Shibuya, kati ya treni ya mwisho na ya kwanza, kwa nguvu ya mafundi wapatao 1,200. Husemwa kama muujiza wa usiku mmoja. Lakini kituo cha chini kilifunguliwa 2008 kikiwa na majukwaa na njia za ziada zinazomsubiri mgeni huyo. Usiku ule ulikuwa wa kuunga tu, kama wiki 17 za Bank.

Chagua hivi

Ukiwa na kituo mbele yako, pita maswali haya kwa mpangilio huu. Hesabu ya kutoka ikikataa, funga sehemu ile, basi. Ikikubali, tazama kama kuna kiwanja cha kuchimbia nje ya njia za abiria. Kikiwepo, sehemu kubwa ya kazi ihamie huko, hata kama inaonekana ghali mwanzoni. Kisha tazama kama njia ya treni yenyewe inaguswa. Isipoguswa, treni zipite bila kusimama, laini moja kwa wakati, na kwa sharti kwamba vituo jirani vimepimwa na vinaweza kubeba. Ikiguswa, kata laini kwa wiki mfululizo badala ya miisho ya wiki isiyohesabika. Kazi za usiku pekee ziwe za mwisho kuchaguliwa, kwa kituo kisicho na jirani wala mbadala.

Vipo vituo viwili London vinavyosubiri uamuzi huo. Mipango ya kuvipanua Camden Town na Holborn iliwekwa kando mwaka 2018 kwa kukosa fedha.

Camden Town, ambapo matawi ya laini ya Northern hukutana, ni rahisi zaidi. Kwa miaka mingi Jumapili mchana, soko likiwa limejaa, abiria hawakuruhusiwa kuingia, walitoka tu. Mpango ulikuwa kujenga mlango wa pili Buck Street, wenye ngazi za umeme na lifti, bila handaki jipya la treni. Kiwanja cha pembeni kipo na njia ya treni haiguswi. Hapo ningejenga Buck Street kituo kikiwa wazi, kisha nipitishe treni bila kusimama kwa wiki chache za kutoboa, tawi moja baada ya jingine. Mornington Crescent, Chalk Farm na Kentish Town viko karibu.

Holborn ndicho kinachonipa wasiwasi. Laini ya Central haina shida kubwa: Chancery Lane na Tottenham Court Road viko jirani, na laini ya Elizabeth, iliyofunguliwa Mei 2022, imechukua sehemu ya mzigo wake. Laini ya Piccadilly ni jambo jingine. Jirani zake ni Covent Garden na Russell Square, na vyote viwili vinategemea lifti. Covent Garden lifti zikisimama, kuna ngazi ya kupanda kwa miguu, yenye vidato 193, inayozunguka ndani ya shimo refu. Kuwasukuma abiria wa Holborn huko ni kuuhamisha msongamano kwenda mahali penye njia chache zaidi za kutokea. Kwa hiyo majukwaa ya Central yaanze, treni zake zipite bila kusimama kama ilivyokuwa Tottenham Court Road mwaka 2015, na majukwaa ya Piccadilly yasiguswe mpaka mlango wa pili uliopangwa Procter Street uwe umekamilika na unatumika.